Picha Isiyo na Ujumbe

Mwaka 2002 mwongozaji wa Marekani Kurt Wimmer alitoa filamu inayoitwa Equilibrium. Katika dakika zake za mwanzo askari wanang'oa mbao za sakafu katika nyumba moja, wanaukuta mchoro wa Mona Lisa umefichwa humo, wanaupima kuhakikisha ni wenyewe na si nakala, kisha wanauchoma moto papo hapo. Hiyo ndiyo nchi ya kubuni ya Libria. Huko kuwa na hisia ni kosa la kifo. Kila raia anajidunga shingoni dawa iitwayo Prozium ili asifurahi, asihuzunike wala asipende, na vitabu, santuri na michoro ni magendo. Ukisimuliwa hivyo utadhani umeletewa kazi nzito ya kufikirisha. Subiri kidogo. Kinachofuata ni koti refu jeusi, bastola mbili, na Christian Bale akimaliza watu chumba kizima bila unywele wake mmoja kukaa upande. Naipenda filamu hii kuliko nyingi ninazoziheshimu.

Kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo la kutamka hovyo. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita, na yeyote aliyepita kwenye madawati hayo anajua tunavyoipasua kazi ya fasihi: huku fani, huku maudhui. Maudhui ni dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi. Fani ni muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kwa maneno tunasema viwili hivyo havitenganishwi. Kwa vitendo maudhui ndiyo bwana na fani ni mpagazi wake, na mwanafunzi aliyebanwa na muda kwenye mtihani humtupa mpagazi kwanza. Sasa chukua filamu ambayo mpagazi kapendeza, anatembea kwa madaha, na mzigo wenyewe kichwani ni boksi tupu. Ofisi ya walimu ina jina moja tu la kazi ya namna hiyo: upuuzi.

Nimeishi na upuuzi huo tangu utotoni, na kuna somo umenipa ambalo kitabu cha kiada hakikuwahi kunipa.

Ulianzia Tandika, Temeke, kwenye banda la video. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Tanzania Bara ilikuwa haijapata televisheni yake. ITV ilikuja 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini sisi wa Dar es Salaam picha tuliziona sinema kule mjini, Empire au Avalon, kama umebahatika kuwa na mkubwa wa kukupeleka. Usipokuwa naye, unakwenda bandani. Banda letu lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, watoto tukakaa chini mbele kabisa, shingo zimeinuka. Televisheni ya chogo iliwekwa juu ya meza iliyonyanyuliwa kwa matofali, chini yake deki, na juu ya deki kitambaa cha kufuma, maana mwenye banda alikuwa na mke mwenye mikono. Siku za mgao jenereta lilinguruma nje na kututumia moshi ndani.

Mlangoni palikuwa na ubao wenye maandishi ya chaki: jina la steringi na saa ya kuanza. Jina la filamu halikuandikwa, halikuwa na maana. Liliandikwa Van Damme, au Bruce Lee, au Komando, ambaye ni Schwarzenegger. Jina hilo alilipata kwa filamu yake ya 1985 na hakulivua tena, hata alipokuja kama roboti.

Waliokua baada yetu walikuta kanda zimeshatafsiriwa. Sauti ya mtafsiri Lufufu ilienea nchi nzima, Kenya wakawa na DJ Afro wao, Uganda wakawa na ma-VJ wao. Kwetu, mwanzoni, mtafsiri alikuwa kijana wa mtaani aliyesimama ubavuni mwa televisheni na kipaza sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, na hakikumzuia kitu. Nakumbuka jioni ya Cyborg, filamu ya Van Damme ya 1989. Dunia imeharibika kwa tauni, miji imebaki magofu, na steringi kajiinamia peke yake, kimya, kamera ikimkaribia uso.

"Hapa steringi anajiuliza," mtafsiri akasema taratibu, "huyu mwenye nyumba akija kesho, nitamwambia nini?"

Banda zima likaangua kicheko. Mzee mmoja benchi la nyuma akadakia, "Mwambie mwisho wa mwezi!"

"Mzee wangu tulia, adui huyo anakuja."

Adui akaja kweli, na mtafsiri akafunga mdomo. Alijua kazi yake. Maneno ya filamu yalikuwa mali yake, afanye atakavyo, ampe steringi deni la kodi au mama mkwe mkorofi. Teke lilikuwa mali yetu. Likipigwa lile la kuzunguka hewani, mguu umenyooka, adui akaruka kinyumenyume hadi majini, sauti moja ilipanda kutoka kwenye mkeka: "Rudisha! Rudisha!" Mwenye banda alirudisha, kanda ikajaa chenga, teke likapigwa tena. Sijawahi kusikia mtu bandani akiomba kurudishiwa hotuba.

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma Cyborg ilivyotengenezwa, nikacheka peke yangu. Kampuni ya Cannon ilikuwa imejiandaa kupiga filamu mbili, mwendelezo wa Masters of the Universe na nyingine ya Spider-Man. Zote mbili zikafa kabla kamera haijawashwa. Mavazi yalikuwa yameshashonwa, mandhari yameshajengwa, fedha imekwenda. Mwongozaji Albert Pyun akatunga hadithi ya kuyatumia mabaki hayo kwa bajeti isiyofika dola nusu milioni. Wahusika akawapa majina ya kampuni za gitaa na vyombo vya muziki: steringi anaitwa Gibson Rickenbacker, adui Fender Tremolo. Yaani nguo zilitangulia, hadithi ikatafutwa baadaye. Kijana wetu wa kipaza sauti, bila kusoma habari hiyo popote, aliifanyia filamu ile ile kazi waliyoifanya wenyewe: alikuta umbo liko tayari akalitafutia maneno.

Haya ya kupenda vitu hivi niliipata Chuo Kikuu. Huko nilikutana na watu waliosoma, na nikajifunza kuwa mtu hutakiwa aseme kwa nini anapenda kitu, na sababu iwe nzuri. Ndipo The Matrix ya 1999 ilipotufikia kwa VCD, ikatuokoa wote. Hatimaye kukawa na filamu ya makoti marefu na miwani myeusi ambayo mtu angeweza kuitetea mbele ya mhadhiri. Bwenini tulijadili kama dunia ni halisi hadi saa nane usiku. Mmoja alitaja pango la Plato, mwingine akaleta habari za Baudrillard, mwanafalsafa Mfaransa ambaye kitabu chake kinaonekana ndani ya filamu mikononi mwa Neo.

Kitabu hicho kitazame vizuri. Neo anakifungua, na ndani kurasa zimechimbwa, kimefanywa kisanduku cha kufichia diski za magendo. Baudrillard mwenyewe baadaye alisema filamu ile haikumwelewa. Mimi nadhani ilijielewa yenyewe vya kutosha. Falsafa ilikuwa gamba la kupitishia kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kazi ya mikono. Yuen Woo-ping, bingwa wa kupanga mapigano kutoka Hong Kong, aliwafundisha waigizaji kwa miezi kadhaa kabla ya kupiga hata shoti moja. Kwa ile sehemu ya juu ya paa ambapo Neo anainama kinyumenyume risasi zikimpita, zilipangwa kamera za picha mnato zipatazo 120 kumzunguka, kila moja ikafyatua kwa zamu yake, ndiyo maana muda unasimama na jicho linaendelea kutembea. Filamu ilipata tuzo 4 za Oscar: uhariri, sauti, uhariri wa sauti, na athari za picha. Zote nne ni za fani. Hakuna aliyeipa tuzo ya mawazo. Na sisi bwenini, tukishamaliza kujadili uhalisia, tulirudisha nyuma tukaangalia ile sehemu ya paa.

Equilibrium nilikutana nayo muda mfupi baadaye, kwenye zile DVD za Kariakoo zilizobeba filamu nyingi ndani ya sahani moja, sauti ya moja ikichelewa, ya nyingine ikiwahi. Ilikuwa ndugu maskini wa The Matrix na haikujificha. The Matrix iligharimu dola milioni 63 hivi. Hii ilikuwa na kama milioni 20. Hawakuwa na uwezo wa kujenga mji wa siku zijazo, kwa hiyo wakaenda Berlin na kuazima mawe ya udikteta uliokwishapita, ukiwemo uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1936. Mawazo nayo yaliazimwa. George Orwell yumo, Aldous Huxley yumo, Ray Bradbury yumo na moto wake wa kuchoma vitabu. Msomaji yeyote anaziona alama za viraka.

Ila kuna chumba kimoja chenye giza. Waasi wamejifungia ndani na silaha zao, taa zimezimwa. John Preston, yule anayeigizwa na Bale, anaingia mbio, anateleza hadi katikati na kusimama, kichwa chini. Kimya. Kisha bastola zake mbili zinaanza kusema, na mwanga pekee tunaopata ni mmweko wa risasi zenyewe. Katika kila mmweko tunamwona kakaa mkao mwingine: mikono imepishana, imefunguka, mmoja mbele mmoja nyuma, goti limekunjwa. Giza, mkao. Giza, mkao. Hatumwoni akitoka mkao mmoja kwenda mwingine, tunaona vituo tu, na akili inajaza safari. Mtu aliyepanga hivyo alijua kamera inaficha nini na jicho linataka nini.

Mtindo huo wa kupigana aliubuni Wimmer mwenyewe. Ndani ya filamu unaelezwa kwa uzito wote: wataalamu wamechambua maelfu ya mapambano ya bunduki, wakakuta mahali maadui wanaposimama panatabirika, kwa hiyo mpiganaji aliyeihifadhi mikao hiyo atakuwa daima pale ambapo risasi haipiti. Ni uongo mtupu. Askari yeyote atakuambia. Lakini ni uongo wenye kanuni, na kanuni ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu darasani kwangu nafundisha kitu cha aina hiyo kila mwaka. Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani, na ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa ukawaka miaka. Wanafunzi wangu huuchukua ugomvi ule kama hoja ya mtihani. Nilipoirudia Equilibrium kwa jicho la utu uzima ndipo nilipoona wanamapokeo walikuwa wanatetea nini. Mshairi anapojifunga kwenye mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kina cha kati kikakubali kuitika beti baada ya beti, tunaburudika hata kama anachosema ni kwamba mpenzi wake kamnunia. Raha iko katika kumwona akipita kwenye tundu jembamba alilolichagua mwenyewe. Preston hafyatui hovyo. Ana mizani.

Ushahidi wa hoja hiyo uko kwenye filamu iliyofuata ya mtu huyo huyo. Mwaka 2006 Wimmer alitoa Ultraviolet, Milla Jovovich akiwa steringi. Mavazi ni mazuri zaidi, yanabadilika rangi tunaona. Pikipiki inapanda ukuta wa ghorofa. Nyuso zimelainishwa hadi zinang'aa. Kwa vipimo vya mtindo ina kila kitu mara mbili, nami nilichoka nusu ya safari. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kinachoweza kumshinda mtu yule. Ukuta si ukuta, uzito haupo, risasi hazina mahali pa kupita wala pa kutopita. Kanuni imeondolewa, na fani bila kanuni ni urembo uliomwagwa. Mtu anayesema filamu za namna hii zote ni sawa hajazitazama. Ziko zilizofumwa na ziko zilizopakwa, na tofauti yake haiko kwenye ujumbe, kwa kuwa ujumbe zote hazina.

Mpwa wangu, aliyekuja kukaa kwangu akimalizia sekondari, ndiye mtazamaji mwenzangu wa sasa. Yeye hana haya ninayoijua mimi. Jioni tuliyoangalia Equilibrium alimsonta Taye Diggs, anayeigiza Brandt, mtumishi mwaminifu wa dola isiyo na hisia, ambaye kila akitokea anachekelea.

"Mjomba, huyu si amejidunga dawa? Mbona meno nje?"

"Angalia picha."

"Naangalia. Anacheka tena."

"Bwana, wewe angalia mkono."

Ana haki. Filamu ina matundu ya kupita ng'ombe, na Brandt ni moja. Nilipomwambia aangalie mkono sikuwa nakwepa swali, nilikuwa namwonyesha mahali mlo ulipo. Baada ya hapo alinyamaza, na ilipofika ile bastola kwa bastola ya mwisho, Preston na mkubwa wa dola wamekaribiana kiasi cha kushikana, kila mmoja akiusukuma mtutu wa mwenzake pembeni sekunde risasi inapotoka, akasema polepole, "Hawa wamefanya mazoezi." Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Lakini haya hiyo haikuwa ya bure yote. Nilichogundua ni kwamba niliiweka mahali pasipo pake. Kukosa ujumbe si dhambi. Dhambi ya filamu hii iko kwenye helmeti. Walinzi wa Libria wamefunikwa nyuso, na wanakufa kwa makumi, kwenye korido, kwenye ngazi, wakianguka kwa mpangilio wa kupendeza. Wamefunikwa ili nisiwahesabu. Ndani ya hadithi wao nao ni wahanga, watu waliodungwa dawa tangu utotoni kama alivyodungwa Preston. Kama kuacha dawa kumemfanya yeye alie aliposikia santuri ya Beethoven, wao nao wangelia. Filamu inayonihubiria thamani ya hisia inanitaka niwe Mlibria kwa muda wote wa mapigano. Sitaki kusema hilo linaiharibu. Nasema mtazamaji alijue, kwa sababu mkao ukiwa mzuri sana macho husahau kwamba mbele yake kuna anayeanguka.

Hapo ndipo ninapoiweka Pumzi kando yake. Ni filamu fupi ya mwaka 2009 ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya dakika kama 20. Dunia imemaliza vita vya maji, watu wanaishi wamejifungia, jasho lao linakamuliwa na kunywewa tena. Asha, anayefanya kazi kwenye makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu, na wakubwa wanamwamuru anywe vidonge vya kuzuia ndoto. Dawa ya kuzuia ndoto huku, dawa ya kuzuia hisia kule. Wazo ni ndugu. Kahiu halitetei kwa bastola. Anampeleka mwanamke jangwani na mche mkononi, akiunyweshea maji yake ya mwisho. Nimeionyesha darasani na nitaionyesha tena. Ni kazi bora kuliko Equilibrium, na sihitaji kupepesa macho kulisema.

Na bado Ijumaa jioni, nikitoka kusahihisha madaftari, sinyooshi mkono kuichukua Pumzi. Pumzi inanidai. Ikiisha inaniacha nikiufikiria mfereji wa nyumbani na ndoo zilizopangwa foleni. Equilibrium hainidai chochote ila macho. Kwa muda mrefu nilitaka nipate hoja ya kuzilinganisha, niseme kwamba nayo ina falsafa yake, ukiichimba. Niliacha. Kuivika filamu nyepesi joho la filamu nzito ni kuidharau mara mbili: unasema ilivyo haitoshi, halafu unaisifia kwa kitu isichokuwa nacho. Ina mikono, miguu, kitambaa, mwanga na kanuni. Isifiwe kwa hivyo.

Na hivyo vina gharama. Mlolongo wa Resident Evil, filamu 6 kuanzia 2002 hadi 2016, zote zikiandikwa na Paul W. S. Anderson na Jovovich akiongoza, umeingiza zaidi ya dola bilioni moja huku wahakiki wakiutemea mate karibu kila hatua. Ya mwisho ilipigwa Afrika Kusini. Septemba 2015 Olivia Jackson, aliyekuwa akimwigizia Jovovich sehemu za hatari, aliendesha pikipiki kwa kasi kuelekea kamera iliyofungwa kwenye mkono wa mtambo. Mtambo haukuinuka kwa wakati. Alinusurika kufa, na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Tunapoiita filamu ile nyepesi, tunazungumzia hadithi yake. Mwili uliogonga chuma haukuwa mwepesi.

Watu hawa wa sehemu za hatari wamekuwa nyuma ya pazia tangu sinema ianze. Chad Stahelski alikuwa mbadala wa Keanu Reeves kwenye The Matrix, yeye ndiye aliyeanguka na kugongwa; mwaka 2014 akawa mmoja wa walioongoza John Wick, na tangu hapo kila mtu anataka kupiga mapigano kama yeye, kamera imetulia, mwili mzima unaonekana. Kampala, Isaac Nabwana na vijana wa Wakaliga waliwahi kumaliza filamu ya mapigano mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, kwa fedha za mfukoni, silaha zikiwa vyuma chakavu vilivyochomelewa, na VJ akipiga kelele juu ya picha kama yule kijana wa Tandika. Mwezi wa Aprili 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo ya ubunifu wa sehemu za hatari, itakayohusu filamu za mwaka 2027 na kutolewa kwenye sherehe ya 100. Karibu karne nzima ilipita kabla kazi iliyokuwa ikijaza mabanda na majumba ya sinema haijahesabiwa kuwa sanaa.

Kwangu mabadiliko yamekuwa madogo, na yako darasani. Tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na kwa miaka mingi nimepokea insha zinazoanza kwa sentensi ile ile: dhamira kuu ni umoja na ukombozi. Ni kweli. Ila mwanafunzi anaweza kuandika sentensi hiyo bila kuufungua mchezo. Siku hizi nawazuia. Kipindi cha kwanza hakuna ruhusa ya kutaja dhamira. Nataka waniambie wanachokiona: Kinjeketile anaingiaje mtoni, mwili wake umekaaje, watu waliosimama kando wanafanya nini na mikono yao, na anapotoka majini kuna nini cha ajabu juu yake. Mara ya kwanza wanababaika, wanatazamana, mmoja ananiuliza kama itakuja kwenye mtihani. Namjibu kwamba haitakuja. Kisha mwingine anasimama mbele kuonyesha, wenzake wanamrekebisha goti, sauti zinapanda, na mtu aliyekuwa jina kwenye orodha ya wahusika anapata mabega. Umoja na ukombozi tunaufikia kesho yake, na tukiufikia wanajua ni wa nani.